Mkono wa Dirishani, Mteremko wa Sachangwan

Alhamisi, Julai 1957. Bondeni, Nakuru.

Baridi. Ukungu ambao kwa kawaida huishia Rongai leo umetufuata hadi mjini, na usiku huu siioni hata taa ya nyumba ya jirani. Ninaandika kwa mkono wangu wa kulia, na kila nikimaliza mstari nautazama. Ni mkono uleule. Kucha zina grisi, kidole gumba kina kovu la hendeli ya kuzungushia injini, iliyonirudi siku ya kwanza nilipojaribu kuliwasha lori. Sijui nilitarajia kuona nini kingine.

Shajara yangu, leo ilikuwa niandike furaha. Jumatatu nilipata leseni. Leo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kama dereva kamili, ile herufi nyekundu ya wanafunzi nimeibandua mbele na nyuma kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikipiga mluzi kama bwana harusi.

Haikuwa hivyo. Nitaandika kwa utaratibu, labda moyo utatulia.

Mimi si mtu wa kupenda magari. Niliingia kwenye udereva kwa sababu ya macho ya mjomba Athumani. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na tangu nipate akili nimemjua akiendesha lori la maua ya pareto la tajiri mmoja wa hapa mjini, kupanda Molo na kuteremka, kupanda na kuteremka. Mwaka jana macho yake yalianza kuingia weupe. Hakumwambia mtu. Mkewe, Mama Zuhura, aligundua asubuhi moja alipomwona akimimina chai kando ya kikombe na kuendelea kumimina.

Aliniita jikoni, akafunga mlango. "Mjomba wako haoni," akasema. "Na tajiri akijua atamfukuza, na yeye mwenyewe hatakubali kukaa nyumbani. Jifunze upesi wewe ushike hilo lori, kabla hatujaletewa yeye ndani ya turubai."

Hayo maneno ya turubai sijayasahau. Kila nilipochoka kujifunza niliyasikia tena.

Mjomba alikubali kunifundisha, akijifanya kwamba ni mimi ninayehitaji msaada. Alikuwa mwalimu mkali. Gia za lori letu hazina heshima, lazima ukanyage klachi mara mbili ndipo zikubali kuingia, na kila zilipolia aliguna kana kwamba nimemkanyaga yeye. Lakini jambo alilolishikilia kuliko yote ni mikono. Mkono ulionyooka nje ya dirisha: naenda kulia. Ukizungushwa: naenda kushoto. Ukipanda na kushuka taratibu: napunguza mwendo. Na ukipungwa kutoka nyuma kwenda mbele: njia nyeupe, pita.

"Toa mkono wote!" alikuwa akinifokea. "Hawa watu wa nyuma si waganga, watajuaje unachofikiria?"

Kwa hiyo nilishangaa sana kuona kwamba yeye mwenyewe, siku za mwanzo alipokuwa bado akishika usukani, tukifika juu ya Sachangwan alikuwa akifunga dirisha. Hata siku ya jua. Alikipandisha kile kioo mpaka mwisho, akashika usukani kwa mikono miwili, na hakutoa hata kidole mpaka tufike chini. Nilimuuliza. Akasema baridi ya pale inamuumiza mifupa. Niliamini, maana ni kweli mifupa yake inamsumbua.

Wasiojua Sachangwan niwaeleze. Ni mteremko mrefu wa udongo mwekundu, una kona, na miezi hii ukungu hulala pale kutwa nzima. Malori hushuka kwa msururu. Wa mbele anaiona kona kabla yako, kwa hiyo unautazama mkono wake na kuutii. Akikuambia polepole, unapunguza. Akikuambia pita, unapita bila kujiuliza. Ndivyo madereva wote wa njia ile wanavyofanya, na sikuwahi kusikia mtu akilalamika.

Mwezi uliopita, siku moja ya mafunzo, nilikuwa nikishusha lori pale na mjomba amekaa kando yangu. Ukungu ulikuwa mzito. Mbele yetu kulikuwa na lori jingine likienda kwa mwendo wa mgonjwa. Sikuliona vizuri, niliona tu weusi wa mgongo wake, na mkono uliotoka dirishani. Ulikuwa unanipungia. Pita, pita. Upole kabisa, bila haraka, kama mtu anayekukaribisha ndani kwake.

Nikaingiza gia, nikaanza kutoka kulia.

"Unafanya nini?" mjomba akauliza.

Nikamwambia wa mbele ameniruhusu nipite.

Mjomba, ambaye siku zile hakuwa anaona hata pua ya lori letu, aligeuza uso kwangu. "Shati lake rangi gani?"

"Jeupe."

"Simama. Simama sasa hivi!"

Nilikanyaga breki mpaka mizigo ikagonga nyuma yetu. Muda si muda lori la mbao likatokea kutoka chini, likipanda katikati ya barabara, taa zake hafifu, likapita pale ambapo mimi ningekuwa. Dereva wake hata hakutuona. Baada ya hapo pakawa kimya. Nikashuka kuangalia mbele. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na matope ya upande wetu yalikuwa laini, yana vidoti vya matone tu. Hapakuwa na alama ya gurudumu lolote lililotangulia kwenda chini.

 Mjomba aliniambia nirudi ndani na nifunge dirisha. Mimi nami nikajiambia ukungu huchezea macho, na nikalishikilia hilo kwa nguvu zote, kwa sababu nilikuwa na mtihani wa kufikiria.

Jumatatu basi nikaenda kutahiniwa. Mzungu mmoja wa kaptura na soksi ndefu alinizungusha mjini, akanirudisha kinyumenyume kati ya mapipa, akanisimamisha kwenye mlima na kuniondoa tena. Yote nilifanya vizuri. Mwishoni akaanza maswali.

"Kama lori ya mbele napiga mukono hivi," akasema, akipunga polepole kutoka nyuma kwenda mbele, "wewe nafanya nini?"

Nilijua jibu. Nililala nalo na kuamka nalo. Lakini niliutazama ule mkono wake mweupe mpaka akaniuliza mara ya pili. Nikajibu kama kitabu kinavyotaka: napita, Bwana, nikiona njia ni salama. Akasema mzuri, akaandika. Nilitoka pale na leseni, na ule mkono bado machoni.

Leo sasa.

Tulipanda vizuri, mjomba amekaa kando yangu. Molo tukapakia magunia ya pareto, tukanywa chai, madereva wakanitania kwamba mjomba amepata dereva wake kama tajiri. Mchana tukaanza kurudi. Nyuma yetu alikuja Cheruiyot, dereva wa lori la viazi la kutoka Olenguruone, mtu tunayemfahamu, mwenye watoto wadogo na kicheko kikubwa. Tukafika juu ya Sachangwan na ukungu ukatumeza.

"Funga dirisha," mjomba akasema.

Sikufunga.

Hapa ndipo ninapotaka kujichapa makofi. Nilijiona mimi nina leseni. Nilijiambia sheria ni sheria, na nyuma yangu kuna mtu mwenye mzigo mzito, nikipunguza mwendo bila kumwonyesha atatupanda mgongoni. Kwa hiyo nilipokaribia kona nilitoa mkono wote, kama nilivyofundishwa, nikaupandisha na kuushusha. Polepole. Polepole. Nina hakika nayo kama nilivyo na hakika na jina langu.

Taa za Cheruiyot zikahama. Zikaenda kulia, zikaja ubavuni mwangu. Nilimsikia akiongeza mafuta. Mbele, ndani ya ukungu, honi ikalia kwa nguvu, nami nikavuta usukani kushoto mpaka nyasi zikakwaruza mlango. Cheruiyot akajichomeka mbele yetu kwa namna ambayo mpaka sasa sielewi, na basi lililokuwa likipanda likapita, limejaa nyuso za watu. Niliziona zote. Kuna mama alikuwa ameziba macho ya mtoto.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa.

Chini kabisa, kwenye maduka ya kabla ya Rongai, Cheruiyot alisimamisha lori, akaja akikimbia na ngumi amekunja.

"Wewe kijana una wazimu? Unaniambia nipite na basi inakuja?"

Nikamwambia nilimwonyesha polepole.

"Polepole gani! Nilikuona na macho yangu! Mkono nje, shati nyeupe, unanipungia pita, pita!"

 Nilinyoosha mkono wangu tu. Nilikuwa nimevaa sweta ya kahawia aliyonifumia Mama Zuhura, inafika hadi kwenye vidole kwa sababu hupima kwa macho. Cheruiyot aliitazama ile sweta. Nikaona ngumi yake ikifunguka. Ningependelea anipige.

Mjomba alikuwa ameshuka, akaja akipapasa ubavu wa lori. "Cheruiyot," akasema, "hebu nionyeshe huo mkono ulivyokuwa unafanya."

"Mzee, ulikuwa hivi..."

"Sioni, ndugu yangu. Ngoja nishike."

Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akikiri mbele ya mtu. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Cheruiyot, na Cheruiyot, mtu mzima, pale mbele ya maduka, akapunga hewani taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Mjomba akaufuata kwa kiganja chake mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akakaa kwenye ngazi ya lori akalia. Sijawahi kumwona mjomba akilia, hata tulipomzika mama.

 Cheruiyot alirudi kwenye lori lake akawasha taa zote, ingawa pale chini kulikuwa na jua, akaondoka hivyo hivyo.

Mjomba aliniambia njiani. Nilipokuwa mtoto alikuwa na rafiki, Rashidi, dereva mwenzake. Siku moja walishuka Sachangwan, mjomba mbele, Rashidi nyuma. Mjomba akatoa mkono kumwambia polepole. Rashidi akapita, na hakufika chini. Watu wote walisema Athumani ndiye aliyempungia. Mjane wa Rashidi hakumsalimia mjomba tena mpaka alipohama mji. Mpakiaji wa Rashidi, aliyenusurika, alisema mkono aliouona ulikuwa wa shati jeupe, na mjomba siku ile alivaa kaki, lakini nani atasikiliza habari ya shati kwenye matanga?

"Nilimwambia polepole," mjomba akarudia. "Wallahi nilimwambia polepole. Lakini miaka yote hii, walivyosema sana, nikaanza kufikiri labda mkono wangu ulifanya walichosema."

Niliendesha huku machozi yananizuia kuona. Nilifurahi kwa ajili yake. Naona haya kuandika, lakini nilifurahi kweli, maana uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua gunia. Na wakati huohuo nywele za shingo yangu zilikuwa zimesimama.

Furaha haikufika mbali. Tulipomaliza kula, mjomba alinyoosha kiganja. "Nipe ufunguo. Kesho nitateremka mimi."

Mama Zuhura akaweka sahani chini.

Mjomba alisema amefikiri vizuri. Wenye macho ndio wanaodanganywa pale. Yeye hauoni tena huo mkono, kwa hiyo hauna njia ya kumpata. Alisema kwa utulivu, kama anayenieleza habari za gia, na jambo la kutisha ni kwamba kwa dakika nzima niliona ana akili. Kisha nikazikumbuka zile nyuso kwenye basi. Nikakumbuka turubai. Nikamwambia hapana. Sijawahi kumkatalia chochote. Akashusha kiganja, akaenda kuswali, na hajazungumza nami tangu hapo.

Ufunguo uko mfukoni mwangu. Mama Zuhura amepita mlangoni mara kadhaa, anaangalia tu kama mfuko bado umevimba.

Kesho kuna mzigo mwingine Molo. Nimewaza sana kuhusu dirisha. Nikilifunga litasaidia nini? Mkono alioufuata Cheruiyot haukuwa wangu. Haukuhitaji dirisha langu liwe wazi, wala haukuhitaji mkono wangu uwe nje. Unachohitaji ni mtu aliye nyuma ya mwingine, kwenye ukungu, anayetii alichofundishwa.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho pale juu nitaegesha pembeni, niyaache malori yote yateremke, la viazi, la mbao, la maziwa, mpaka nyuma yangu asibaki mtu wa kudanganywa kwa jina langu. Hakuna atakayekufa akidhani ni mimi niliyempungia. Nimeona ni uamuzi mzuri, nikajinyoosha, nikataka kuzima taa nilale.

Ndipo nikaelewa kwamba nikiwa wa mwisho, atakayekuwa anautazama huo mkono ni mimi.