Siku Nilipolishinda Dumu la Rubisi Mahakamani

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, barabara ya Nkwenda ni tope tupu, lakini mimi nang'aa kama bati jipya.

Niandike wazi ili vizazi vijue: leo mimi nimeibadilisha mahakama. Hakimu alikuwepo, ndiyo, na wazee wa baraza walikuwepo, lakini bila mimi lile jengo lingekuwa na viti tu. Kuanzia Bugomora hadi Bugene hakuna asiyenijua, na wale wasionijua kuanzia leo watasema wananijua. Niliishia darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu aliona nikiendelea nitamchukulia kazi.

Shauri lenyewe ni la Jovita, binti wa marehemu kaka yangu. Ameolewa Bugomora na Respicius, mwanamume mwenye migomba mizuri na mkono mbaya. Mwezi uliopita alifika kwangu kwa miguu, jicho limefumba, mtoto mgongoni. Akaenda polisi, dawati la jinsia, na shauri likafika mahakama ya mwanzo.

Swali lilikuwa moja tu: atarudishwa kwenye ile nyumba, au hatarudishwa?

Maana kwetu mke akikimbilia kwao, mume humfuata na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wazee wa upande wa mke wakishainywa, ugomvi umekwisha, na mke anafunga mzigo wake. Mara mbili huko nyuma Jovita alishitaki, na mara mbili hakimu aliyekuwepo aliuliza kama wazee wameshakunywa. Wameshakunywa? Basi nendeni, hayo ni mambo ya ndani.

Mzee wa kunywa ni mimi, kwa kuwa kaka hayupo.

Safari hii, wiki iliyopita, Respicius alikuja na dumu limejaa hadi shingoni, akalitua mlangoni kwangu.

"Shikamoo baba mkwe. Nimemfuata mwenzangu."

"Marahaba. Dumu lako macho yameliona," nikamwambia, "lakini koo halitaliona."

Majirani wakaangua kicheko. Akaliacha palepale, akiamini giza likiingia nitashindwa. Halikuguswa. Likakaa juani likavimba, mpaka kizibo kikaruka kwa kishindo, na nasikia ng'ambo ya Mto Kagera walidhani vita vimeanza. Rubisi ikamwagika uani, kuku wangu wakatembea kwa kuyumba hadi kesho yake.

Sasa leo.

Hakimu ni mpya, mwanamke, umri wa binti yangu wa kwanza. Kabla ya yote akamhamisha Jovita akae pembeni, mahali ambapo hatazamani na mumewe. Sijawahi kuona jambo hilo. Zamani waliwasimamisha bega kwa bega kama wanaofunga ndoa upya.

Respicius akaanza kwa sauti ya kanisani. "Mheshimiwa, naomba shauri liondolewe. Sisi tuna utaratibu wetu. Wazee wameshapokea pombe yangu."

"Wamepokea, au wamekunywa?"

Akanitazama. Chumba chote kikanitazama. Nikasimama, nikakohoa kidogo, bati likatikisika.

"Mheshimiwa, hata tone. Waliolewa ni kuku."

Watu wakacheka, na hakimu mwenyewe akaficha mdomo kwa faili. Halafu akasema maneno ambayo nimeyakariri njia nzima nikirudi: "Hata mngekunywa pipa, mzee wangu, aliyepigwa si wewe. Nitamuuliza aliyepigwa."

Wala hakumuuliza alipigwa mara ngapi, kama yule wa zamani. Alimuuliza hivi: "Siku ambayo hakupigi, nyumbani kunakuwaje?"

Maneno ya Jovita yakatoka taratibu, kama maji ya chemchemi. Simu yake anaishika mume. Kahawa anachuma yeye, lakini kumpeleka mtoto kliniki mpaka aombe ruhusa. Na siku mume akinyamaza ndiyo siku yeye anayolala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Analala na viatu.

Hilo nilikuwa silijui, mimi ninayejua kila kitu.

Mzee mmoja wa baraza, mwenzangu wa kilabuni, akaingilia. "Lakini binti, kama ni mabaya kiasi hicho, mbona ulikuwa unarudi?"

"Sikurudi, babu. Nilirudishwa. Mlikunywa, mkanipandisha bodaboda."

Mzee akaanza kuvitazama vidole vyake kana kwamba amevikuta mkononi leo. Mimi nilitazama dirisha. Mvua ilikuwa nzuri sana.

Hakimu akaandika, akaandika, akainua kichwa. Shauri haliondolewi. Litasikilizwa mpaka mwisho. Respicius asimkaribie Jovita wala asikanyage kwangu. Na pombe waliyokunywa wengine, akasema, haiwezi kuwa msamaha wa aliyeumia.

Nilitoka pale kama jenerali. Nilipofika sokoni Nkwenda, habari ilikuwa imenitangulia, na katika habari hiyo nilikuwa nimelipasua dumu kwa teke mbele ya hakimu. Sikuisahihisha. Habari nzuri haisahihishwi.

Mama mmoja muuza nyanya akasema, "Baba, umetutoa kifungoni." Nikamwambia ni kazi ndogo.

Lakini Jovita alinishika mkono tukiwa njiani. Akasema, "Asante baba mdogo. Ulikataa kwa ajili yangu." Usiku huu mkono wenyewe bado ni mzito.

Kwa kuwa siku ile, Respicius alipotua dumu, nilikuwa natumia vidonge vya amiba. Mganga wa zahanati alikuwa amenionya nisionje pombe kabisa, nitatapika mpaka utumbo. Harufu ya ile rubisi ilinifuata hadi kitandani. Isingekuwa vile vidonge, sijui. Nasema sijui, ingawa najua.

Kaka yake Respicius amepiga simu jioni hii. Kesho anakuja yeye, na madumu mawili, "tuzungumze kiutu uzima, mzee mwenzangu."

Vidonge vimekwisha jana. Jovita amelala chumba cha pili, nimechungulia: viatu viko chini ya kitanda.

Kesho nitakataa nikiwa mzima wa tumbo.