Ngozi Hatuitaki, Matonya

Mvumi, Chamwino,
Dodoma.
Jumanne, 6 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Matonya,

Marahaba, maana shikamoo yako naijua hata kabla hujaitamka. Kifua kinaendeleaje na hilo jivu? Macho je? Sisi tu wazima. Shemeji yako Bartolomayo mgongo unamsumbua, lakini analalamika kwa sauti kubwa, basi ni mzima.

Jana mkeo Hana alitupigia kwa simu ya kuazima kutoka kambi ya waliohamishwa. Anasema mlima Lengai ulipoanza kulipuka mliamriwa wote muondoke. Gari lilipokuja ukampandisha yeye na watoto, wewe ukarudi zizini. Majani yamefunikwa na jivu, maji yamekuwa tope, ng'ombe wanakohoa. Tangu nisikie hayo nakupigia tu.

Simu yako haipatikani. Khamisi, dereva wa lori linalopeleka mahindi kambini, anaondoka mchana huu. Barua atampa Hana, naye atawapa waokoaji watakaokuja huko kwako.

Najua kwa nini hutoki. Ng'ombe hao ni wetu, tulikukabidhi ukame ulipotubana. Na desturi yetu Wagogo unaijua: ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, mwenyewe aonyeshwe ngozi, la sivyo watu watasema umemla. Mwaka jana ndama alipofia porini, ni mimi niliyekufokea mbele za watu, "Ngozi iko wapi?" Mdomo huponza kichwa, ila safari hii mdomo ni wangu na kichwa ni chako. Naogopa, Matonya. Nisamehe.

Shemeji yako amesimama hapa, anataka niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Afungue zizi awaache waende. Atakayepona atapona. Ngozi siulizi, leo wala kesho." Ameyasema mbele ya mjumbe wetu, mzee Daudi, naye ametia sahihi ukingoni mwa karatasi, usije ukadhani ni huruma za dada tu.

Funga kitambaa chenye maji puani, usipite korongoni, na waokoaji wakifika panda gari. Usibishane nao, nakujua.

Ukifika kambini wasalimie Hana na watoto, Meshack na Emiliana. Mungu akutoe huko salama.

Ng'ombe tutapata wengine. Mama alinizalia mdogo mmoja tu.

Dada yako akupendaye,
Devota