Leo Tunakula Nani

Nyumba za Walimu,
Mugumu, Serengeti.
19 Januari 2025.

Mpendwa kaka Heche,

Shikamoo. Umenizidi mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe uliutumia kutambaa, lakini heshima ni heshima, ipokee. Wewe na shemeji Faudhia mko salama huko Tunduru? Watoto je, shule wameanza vizuri? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Sisi hapa wazima. Shemeji yako Isack anafundisha, mimi nafundisha, na vumbi la Mugumu nalo linaendelea na kazi yake.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Sababu ni moja. Kila nikikupigia, Bibi anataka niweke spika naye asikie, na haya ninayokuandikia sitaki ayasikie.

Bibi yuko kwangu tangu alipoanguka kule Susuni wakati wa mavuno. Mguu umepona, anatembea na fimbo. Tatizo ni chakula. Alikuwa hataki kula. Nilimsongea ugali wa ulezi, nikampikia mboga ya mgagani kwa maziwa, nikamtafutia samaki wa bwawa la Manchira. Yeye anasukuma sahani na kuniuliza, "Leo tunakula nani?"

Wewe unajua maana yake. Nesi hakujua. Alikuja kumwangalia nesi mmoja anaitwa Kokushubira, binti wa Bukoba, mpole sana. Bibi akamwuliza vilevile, leo tunakula nani. Yule binti akakusanya vifaa vyake haraka, na tulipofika nje akaniambia kwa sauti ya chini kwamba umri umemzidi mzee, na usiku nifunge mlango wa chumba changu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu ikabidi nimweleze.

Nikamweleza kwamba tulipokuwa wadogo Bibi alitugawia mistari shambani, kila mjukuu na wake, na chakula kikitengwa hakikuitwa mahindi wala maharage. Kiliitwa jina la aliyekilima. Mstari wako ulikuwa pale karibu na kichuguu, mahindi yananenepa mpaka maganda yanaachia. Wangu ulikuwa chini kijitoni, ngedere wanavuna kabla yangu. Tulikuwa tunayaleta yakiwa bado na ndevu mbichi, yanachomwa, Bibi anatangaza, "Leo tunakula Heche," na wewe unavimba kichwa jioni nzima. Nilikuchukia kidogo, nakuambia tu. Siku ya kuliwa mimi ilikuwa ya kubahatisha, tena majani ya maboga, lakini Bibi alimbana kila mtu mpaka aseme Eunice ni mtamu. Furaha ya siku hiyo sikuipata hata nilipohitimu ualimu.

Sasa hapa Mugumu ningemjibu nini? Nyumba zetu zimebanana, hakuna pa kupanda hata kitunguu. Mwanzoni nilisema kweli: tunakula soko. Akasema huyo Soko hamjui, na yeye hawezi kumla mtu asiyemjua. Akazidi kukonda, gauni likawa linamning'inia.

Shamba la Susuni limelala, kama hukuambiwa. Hakuna aliyeshika jembe tangu Bibi aanguke, na jirani yetu Waitara anachungia ng'ombe pale pale kwenye mistari yetu. Simlaumu, majani yamejaa. Bibi hajui, na mimi sina mpango wa kumwambia.

Siku moja nikachoka. Aliponiuliza nikasema, "Tunakula Heche." Akaomba maji ya kunawa. Akala akamaliza. Akauliza umerudi lini, nikamwambia ulikuja kulima, ukavuna, ukaleta gunia ukaondoka kwa sababu ya kazi. Tangu siku hiyo tunakula wewe tu, mchana na jioni, na mashavu yamerudi. Uongo umemnenepesha. Siwezi kusema najuta.

Ninachokuomba ni hiki. Wewe ni afisa ugani, unashinda juani kuwahimiza watu wa Tunduru walime, na kwenu kumeota majani. Omba likizo mwezi wa pili, mvua zikianza kule Susuni. Waitara nitaongea naye mimi ahamishe ng'ombe. Sikuambii ulime shamba zima. Lima mstari wako, na mimi nitalima wangu, ngedere waje wajaribu. Bibi hana misimu mingi, wewe mwenyewe unajua, na nikimpoteza kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula sitajua nimweleze nani.

Isack anakusalimu sana, anasema bado unadaiwa kuja kuona nyumba. Msalimie shemeji na watoto kila mmoja kwa jina lake. Mungu awatunze huko mliko, na mvua iwanyeshee kwa kiasi.

Nimalizie na la jana, maana ndilo lililonikalisha niandike. Bibi alilitafuna tonge la kwanza muda mrefu, huku ananiangalia. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu si Heche."

Akaivuta sahani karibu.

"Nitamla hivyo hivyo," akasema, "Heche asije akasikia nimemkataa."

Dada yako anayekupenda,
Eunice