Tumbo Langu na Harusi ya Asia

Kambi ya Karantini,
Ngerengere.
Jumatatu, 24 Mei 1909.

Mpendwa mdogo wangu Rehani,

Marahaba kwa shikamoo ya barua yako. Hujambo wewe na shemeji? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ingawa humu kambini ni mimi peke yangu ninayeamini hivyo.

Siku ile nilipotoka kwenu sikufika Morogoro. Yale mapapai ya shemeji yalinivuruga njiani, na gari moshi liliposimama hapa nikakimbilia kichakani. Askari akaniona. Kwa kuwa wajenzi wa reli wanaharisha damu, kila mwenye tumbo bovu hutiwa ndani ya ua huu wa miba. Damu mimi sikuwa nayo hata tone.

Sheria yao ni hii: kila asubuhi tunakabidhi makopo yetu. Ukitoa choo kigumu asubuhi mbili mfululizo, unafunguliwa. Kikiwa laini, unabaki.

Sasa sikia tunacholishwa. Asubuhi uji wa pumba, mchana maharage nusu mabichi, jioni mchicha. Pumba inasukuma, maharage yanachafua tumbo, mchicha unageuza choo kuwa cha kijani, kisha daktari Mdachi anakikunjia uso kana kwamba tumeleta ugonjwa mpya. Wanatulegeza kwa chakula chao, halafu wanatufunga kwa sababu tumelegea! Nimesoma vitabu vya dini na vya serikali, dhulma ya namna hii sijaikuta.

Nilimwambia daktari hayo yote. Mkalimani ni msaidizi wake, Yakobo, kijana wa misheni ya Matombo.

"Mwalimu, punguza ukali," akaninong'oneza. "Mimi natafsiri, sipigani."

"Tafsiri na ukali wenyewe!"

Stambuli, mchukuzi wa Kingolwira tuliyelala naye kibanda kimoja, akanionea huruma. "Mwalimu, changu leo kama gogo. Kata nusu, uende ukaoze binti." Kambi nzima ikacheka. Nilikataa. Nikitoka kwa choo cha Stambuli, watajisifu kwamba uji wao unaponya. Nilitaka wakiri kwamba kosa ni chakula.

Na nikashinda, Rehani. Daktari alikubali nijaribiwe kwa ugali wa muhogo na ndizi mbichi za kuchemsha. Tangu Alhamisi nimekula hivyo, na tangu Alhamisi sijapata choo kabisa. Tumbo limefunga. Leo Yakobo ameinamisha kopo langu, hakikutoka kitu.

"Nimwandikie nini bwana, Mwalimu?"

"Andika kwamba nilisema kweli."

"Kweli haimo humu. Anataka choo."

Stambuli amefunguliwa. Mimi nimo.

Ijumaa hii binti yangu Asia anaolewa kule Bigwa. Shemeji yangu Abasi, kaka wa mama Asia, ameshatangaza kwamba kwa desturi ya Waluguru mjomba anatosha kumwoza. Hatoshi! Walii wa kumwoza binti ni baba, na baba asipokuwepo ni yule aliyemwakilisha. Kwa barua hii nakuwakilisha wewe. Stambuli, kabla hajaondoka, na Salum wa kibanda chetu wameshuhudia, majina yao yako chini.

Panda gari moshi la Alhamisi. Usile papai, usinywe maziwa, usiguse maembe ya stesheni. Kula wali mkavu, na hapa Ngerengere usishuke hata kama unaumwa. Wakikushika na wewe, Abasi ameshinda.

Nisalimie shemeji, na umwambie mapapai nimeyasamehe. Msalimie shangazi Chausiku na wanawe wote. Ukifika Bigwa, mpe pole mama Asia, ambaye hajui kama ashone au alie.

Mungu akufikishe salama na aibariki ndoa hii. Kadhi akikuuliza, jibu kwa sauti kubwa. Asia atakuwa nyuma ya pazia, na sauti zetu mimi na wewe watu huwa hawazitofautishi.

Mimi kaka yako, nikupendaye kutoka ndani ya miba,
Mwishehe

Mashahidi: Stambuli, Salum