Kuku ya Neema ku santere

Songo, siku ya tano

Baba Neema iko anacheka mpaka sasa. Acheke tu.

Asubuhi niliona vipele ku mikono ya mutoto wetu Neema, moyo ikaruka. Nikasema hii ni mpox. Na kuku yake, ile anapakataka kila siku, iko na vidonda ku kichwa. Nikabeba bote babili mpaka ku santere ya afya.

Muganga akaangalia mutoto. "Mama, hii ni mbu tu."

"Na kuku?"

"Iko na ndui ya kuku. Haiambukizaki bantu. Mbu ndiyo inaletaka. Lakini mama, hapa hatupimaki kuku."

Bagonjwa bakacheka, na miye nikacheka.

Sasa nimefunua chandarua ya Neema. Kuku imo, inaniangalia.

"Mama, muganga alisema ni mbu," Neema anasema.