Jiwe la Angani na Miche Mia ya Mikorosho

Imma, nimeaibika leo, hata sijui nianzie wapi.

Unakumbuka lile jiwe la angani nililowafundisha kidato cha pili? Lile lenye uwezekano wa asilimia tatu wa kutugonga mwaka 2032?

Baba Dominika, mzazi wa mwanafunzi wangu wa darasa hilo, kanifuata ofisini. Ana miche mia ya mikorosho nyumbani, mvua za Newala zinaisha, hajapanda hata mmoja. Eti mkorosho hadi uzae sawasawa ni miaka, sasa ampandie nani, jiwe?

Nikamwambia asilimia tatu ni kidogo.

"Mwalimu, kwenye korosho mia, tatu zikiwa na sumu, wewe unakula?"

Imma. Mimi ndiye mwalimu wa fizikia.

Nikamtuliza kwamba darubini zimelipima upya, litatupita mbali.

"Umejua lini?"

Mwezi uliopita. Kengele ililia kabla sijawaambia watoto, nikasahau.

Kaniangalia weee. Nikampa shikamoo nyingine, yeye akanipa adhabu.

Basi Jumamosi nachimba mashimo mia shambani kwake, kwa jembe langu mwenyewe.

Nikiacha matatu narudi Jumapili. Kasema tatu kwenye mia si kidogo.