Mama Amechemsha Utafiti Wangu

Lukozi, Jumamosi jioni. Ukungu umeshuka tangu saa nane na bado umetanda. Nimejikunyata jikoni kwa Mama, naandika, na nina aibu.

Likizo hii sikuja kupumzika. Natafuta, ndani ya bongo za ng'ombe, vipande vidogo vya protini ambavyo mishipa ya fahamu hutumia kupashana habari za maumivu. Maabara ninayo Dar, bongo ndizo sina, maana huko kichwa cha ng'ombe hugombewa kabla hakijafika buchani. Huku mwenye bucha nimesoma naye darasa moja. Shida ni safari. Mara mbili barafu imeyeyuka njiani, na nilipopima sikukuta kitu. Mkuu wangu ameshaniambia kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, nikafundishe sekondari.

Asubuhi nilipewa bongo nne, bado zina joto. Nikaziacha kwa Mama kwenye bakuli, nikateremka Lushoto kuomba barafu hospitali. Basi la kurudi likakawia. Nilipofika, bakuli lilikuwa tupu na sufuria iko mekoni.

"Ulipotoka tu nikazichemsha," Mama alisema. "Nyama haiachwi mbichi ikimngoja mtu. Chumvi sijatia, sikujua wenzako wanakulaje."

Nikamfokea.

Mimi niliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyo hiyo, nilimwambia ameniharibia maisha, na kwamba asiyejua kitu asikiguse. Alichukua jembe akaenda shamba la ujamaa, kwa kuwa leo ilikuwa zamu ya nyumba zetu kumi kupalilia maharage.

Nilibeba sufuria nikaimwage. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka kinachoniharibia sampuli. Mnyama akishakufa, vimeng'enya vya ubongo wenyewe huvikatakata vile vipande. Barafu huvichelewesha tu, ila moto huvikomesha kabisa, na vipande vyenyewe ni vidogo mno, maji ya moto hayavidhuru. Haya nilishayasoma, tena zaidi ya mara moja. Niliyapita kwa sababu nilishaamua kwamba kazi yangu ni ya barafu.

Mchuzi wote, ambamo vipande hivyo huyeyukia, ulikuwepo. Bila chumvi ya kunivurugia vipimo.

Nimeujaza kwenye chupa ya chai pamoja na bongo zenyewe, Jumatatu nashuka nao Mombo kupanda basi la Dar. Huenda nikapata kitu, huenda nikaishia ubaoni na chaki.

Mama amerudi sasa hivi, miguu imejaa udongo. Nimemwomba radhi, nikamwambia huenda ameniokoa. Amenawa taratibu, kisha akasema, "Ungenieleza kabla, mwanangu."

Ni kweli. Miaka yote hii nachunguza maumivu, na sijawahi kumweleza mama yangu ninafanya kazi gani. Nilidhani hataelewa.

Kesho tukitoka kanisani nitakaa naye nimweleze tangu mwanzo, kwa Kishambaa. Sijui mishipa ya fahamu huitwaje kwa Kishambaa. Nitamuuliza yeye.